Chaja ya Abu Salwan

Wisam Naji alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya kaunta ya duka lake, kichwa kimepasuka juu ya sikio, bisibisi bado iko mkononi. Kiti cha wateja kilikuwa kimepinduka. Hakuna kilichoibwa. Dinari zilikuwemo kwenye droo, na laptopu za watu zilikuwa zimepangwa rafuni, kila moja na chaja yake, kila moja imebandikwa kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe.

Inspekta Muthanna Jabbar alichuchumaa, akatazama, akaguna. Katika mtaa huu wa kompyuta wa Baghdad watu hutukanana kutwa nzima, jioni wakala kebabu pamoja. Kuuana ni habari nyingine.

"Mwizi gani anaacha pesa?" alimwuliza Sajini Karrar.

"Mwizi mwenye hasira, afande."

"Basi huyo si mwizi."

Daktari wa uchunguzi alisema ni pigo moja tu, la kitu kizito chenye kona. Ndani ya jeraha alitoa vibanzi vya plastiki ya kijivu. Karrar akapekua rafu zote. Hapakuwa na mashine ya kijivu hata moja, wala iliyovunjika kona. Muuaji alikuwa ameondoka na silaha yake.

Laith, mwenye duka la jirani, alikuwa tayari amefungwa pingu. Mtaa mzima ulimsikia majuzi akiapa kwamba atamvunja Wisam mdomo. Sasa alikuwa amekaa kwenye kreti mlangoni, midomo imemkauka.

"Ulisema utamvunja?"

"Nilisema, bwana. Hapa nani hasemi?"

"Mligombania nini?"

"Wateja. Alikuwa ananifanya nionekane mhuni." Laith alionyesha duka la Wisam kwa kidevu. "Mtu akileta mashine yake ya kizamani umtilie mfumo mpya, kazi yenyewe ni ndogo. Ndani hifadhi yake imegawanywa pande mbili, C na D. Unafuta C yote, unatia mfumo, D huigusi. Unamwuliza mwenyewe, vitu vyako viko D? Akisema ndiyo, umemaliza. Kikipotea kitu, shauri yake."

"Na Wisam?"

"Wisam alikuwa haamini jibu la mtu. Atakaa na mashine asubuhi nzima ananakili kila takataka aliyoikuta. Mimi nafanya tano, yeye moja, na bado watu wanamfuata yeye."

Akaanza kulia, kilio cha mtu aliyemchukia jirani yake kila siku na sasa hajui atamchukia nani. Muthanna alimwamini. Lakini imani ya inspekta haifungui pingu, na makao makuu walishapiga simu kutaka jina la mtuhumiwa. Asipopata jina jingine, lingekwenda la Laith.

Alirudi nyuma ya kaunta, safari hii akapiga magoti. Chini kabisa, kwenye soketi ya ukutani, kulikuwa na chaja iliyochomekwa ambayo haikufika popote. Nene, ya mtindo wa zamani, ncha yake imepinda kama iliyong'olewa kwa nguvu. Kwenye utepe pameandikwa: Abu Salwan.

"Abu Salwan wako wangapi Baghdad hii!" Karrar alilalamika.

Muthanna akaiinua chaja mbele ya Laith. "Mashine ya waya huu iko wapi?"

Laith aliitazama, akasahau kulia. "Hiyo ni ya mzee Qahtan, baba yake Salwan, fundi saa mstaafu, nyumba ya pili baada ya tanuri la mikate. Huileta imefungwa kwenye shela ya marehemu mkewe. Ni ya kijivu, nzito kama tofali. Betri yake ilikufa zamani, bila waya huo haiwaki."

Mzee Qahtan alifungua mlango kabla hawajagonga mara ya pili. Aliwakaribisha, akawamiminia chai kwenye vikombe vidogo, akawatilia sukari bila kuuliza. Juu ya meza palikuwa na kitu kilichofunikwa shela nyeusi.

Muthanna akaiweka chaja kando ya kikombe.

"Umesahau hii, Abu Salwan."

Mzee aliitazama. Hakuigusa.

"Nimeitafuta," alisema.

"Funua shela, mzee wangu."

Akaifunua. Kona ya laptopu ilikuwa imemeguka, na kwenye ufa damu imekauka. Karrar alisogea mlangoni.

"Kwa nini hukuifuta?"

"Nilijua mtakuja. Na ya nini tena?"

Maneno yakaanza kumtoka, na yalipoanza hayakuhitaji kusukumwa. Mkewe, Maysun, alipatwa na saratani ya koo. Alipoambiwa sauti itakwenda, alikaa mbele ya mashine hii akajirekodi kila siku mpaka ikakwenda kweli: mapishi, nani aalikwe Idi, shati gani livaliwe na suruali ipi. Alipofariki, mzee akawa anamsikiliza kila asubuhi akinywa chai. Kisha mwanawe Salwan, aliyeko Sweden, akaanza kulalamika. Baba, mashine imezeeka, simu za picha hazipiti, katie mfumo mpya. Kila Ijumaa wimbo ni huo huo.

"Wisam alikuuliza kama vitu vyako viko D?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Vilikuwa D?"

Mzee aliinamisha uso. "Mwanangu, mimi hata hiyo D siijui. Palikuwa na wateja vijana wamesimama. Niliona haya."

Aliporudi kuichukua hapakuwa na mteja mwingine. Wisam aliiwasha, akamgeuzia kioo. Bluu tupu. Pale Maysun alipokuwa, hapakuwa na kitu.

"Nikamwuliza, yuko wapi? Akatabasamu. Akaniambia, subiri, mzee wangu." Sauti yake ikapanda. "Subiri! Hospitali waliniambia subiri, dawa iko njiani. Ubalozi waliniambia subiri, visa ya matibabu inakuja. Nimesubiri mpaka nikamzika. Na huyu kamfuta, halafu anacheka, ananiambia subiri. Nikaing'oa mashine, nikampiga nayo. Sikutaka kumuua. Nilitaka anyamaze."

Karrar alikuwa anatazama viatu vyake.

Muthanna angeweza kuishia hapo. Ungamo analo, silaha anayo, Laith atalala kwake. Lakini maneno ya Laith, kwamba Wisam haamini jibu la mtu, yalikuwa yanamwasha kichwani. Akavaa glavu, akanyoosha ncha ya chaja, akaichomeka. Mashine ikakoroma, ikawaka, mstari mweusi umekatiza kioo. Akafungua upande wa D.

Folda ilikuwa moja tu. Wisam alikuwa ameiandika: Vitu vya mzee Abu Salwan, vyote, msifute.

Muthanna alijuta kuifungua. Lakini mzee alikuwa keshasimama nyuma yake, na kusoma anajua. Inspekta akabonyeza faili la kwanza.

"Qahtan," sauti ya mwanamke ikasema, inakwaruza lakini haina utani, "bamia hazitiwi ndimu mapema. Nikuambie mara ngapi? Nikiondoka utakula nini wewe? Haya sikiliza, kwanza unachukua—"

Umeme ukakatika, kama unavyokatika Baghdad kila siku ya Mungu. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kioo kikawa cheusi.

Mzee alimkamata Inspekta mkono kwa mikono yake yote miwili. "Alikuwa ananionyesha," alisema. "Yule kijana. Mkono wake ulikuwa kwenye kibodi. Alikuwa anataka kunionyesha." Kisha, kwa sauti ndogo, "Mrudishe. Amalizie tu."

"Subiri, mzee wangu," Muthanna akasema. "Jenereta ya mtaa itawaka sasa hivi."

Neno lile lilikuwa limeshamtoka. Mzee akauachia mkono wake, akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa shela ya mkewe.

Jenereta ilipowaka, Karrar alikuwa keshaitia mashine kwenye mfuko wa vidhibiti, na chaja pamoja nayo.