Njia ya Bibi Mkongojo

Mama Pindo ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu. Tangu asubuhi yeye hushona, na nje magari husongamana na kupigiana honi.

Anaishi na mama mkwe wake, Bibi Mkongojo. Bibi huyu alikuwa akienda zahanati kupima presha. Zahanati ni ng'ambo tu ya barabara. Lakini siku moja pikipiki nusura imgonge. Tangu hapo hatoki tena, na dawa zimekwisha.

"Mama, nikusindikize?" Mama Pindo akamuuliza.

"Uache nguo za watu? Nitakaa. Nimekuwa kuku anayeatamia, mwanangu. Ila mayai sina."

Halmashauri ikaitisha mkutano wa mtaa kuhusu barabara, jirani na nyumba yao. Mama Pindo alipaza sauti kuliko wote.

"Panueni barabara! Magari yatatumaliza!"

Watu wakapiga makofi. Afisa mipango, binti mwenye miwani, akasimama.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nikimpanulia nyumba, huzidi kuleta wageni."

Bibi Mkongojo akainua mkono. "Barabara!"

"Umepata, bibi! Tulipanua ile ya sokoni. Magari yakafuata nafasi, ikajaa tena. Mfuko wetu ni mdogo, na kila mtu anavutia kwake. Lakini wengi wenu mnatembea kwa miguu. Tuanze na njia yenu."

"Njia ya miguu ipo," Mama Pindo akadakia. "Shida ni madereva!"

"Basi tuipite, mama. Bibi atatuongoza."

Wakamfuata bibi polepole. Mbele ya kibanda cha Mama Pindo, akasimama. Meza ya cherehani, kapu la vitambaa, magauni yaliyotundikwa: njia yote imezibwa. Bibi akashuka barabarani. Lori likapiga honi! Mama Pindo akamvuta mkono.

"Mama, kumbe pikipiki ilikukosakosa hapa?"

"Hapa hapa, mwanangu. Nilinyamaza. Si ndiyo riziki yetu?"

Mama Pindo aliishika meza, akaiburuta ndani.

Jirani yake muuza viatu akacheka. "Fundi, unahama?"

"Nahamia kwangu! Na wewe vuta viatu vyako, usinitazame kama picha."

Njia ikafunguka. Halmashauri nayo ikaweka vigingi, magari yasiegeshwe juu yake. Ikachora kivuko chenye tuta, na kituo cha basi kikasogezwa karibu na zahanati. Madereva walinung'unika, kisha wakazoea. Na wapita njia, kwa kuwa sasa wana pa kusimama, wakaanza kuchagua magauni kwa raha.

Asubuhi moja Bibi Mkongojo alijifunga kitambaa kipya kichwani.

"Mama, ngoja nikusindikize!"

"Kwani mimi bibi harusi? Shona!"

Mama Pindo alisimama mlangoni, sindano mkononi. Bibi akafika kwenye kivuko, akainua mkongojo. Lori likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Bibi akavuka bila haraka, akageuka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Miguu mitatu, na lori limeipa shikamoo!"

Mtaa mzima ukajibu kwa vicheko:

"Ni wewe, bibi!"