Sikio la Kulia la Zahira

Saa tisa usiku Rida alisikia mzee akikohoa chumbani kwa mwanawe. Mle hamkuwa na mtu ila Zahira wa miaka mitatu, ameketi kitandani, sikio la kulia kaliinua kama anayenong'onezwa, na harufu ya kaburi bichi.

“Unaongea na nani, mama?”

“Thou hearest him. He cometh for me.”

Kiingereza Rida alikisoma hadi kidato cha nne, lakini hiki, hapana. Asubuhi akamkimbilia Abigael, jirani yake Mkenya katika mtaa wao wa Thornhill, huko ughaibuni, akamrudia maneno yale.

“Wee! Hiyo ni ya Biblia ya nyanya yangu.” Abigael aliacha kucheka. “Anasema unamsikia, na anakuja kumchukua. Watu waliacha kuongea hivyo kitambo sana, Mama Zahira. Nani amemfunza?”

Nani? Kwao sauti ya kwanza kuingia sikio la kulia la mtoto ni adhana, na siku ya kumzaa Zahira, Rida alikuwa bado hajazinduka baada ya upasuaji. Kazi aliachiwa baba.

Jioni Mohsin akarudi kutoka ghalani.

“Baba Zahira, ulimsomea adhana?”

“Si nilikwambia nilisoma.”

“Mshike kichwa uape.”

Hakushika. Aliketi na viatu vyake vya kazi, akalia, akasema alikuwa ameunganisha zamu mbili, usingizi ukampitia kabla hajaisoma, alipozinduka mzee asiyemjua alikuwa ameinamia kitanda cha mtoto akinong'ona, mzee akamwambia nyamaza nami nitanyamaza, naye kwa aibu akanyamaza, miaka mitatu, akila chakula alichopikiwa na Rida, akisikia kikohozi kile na kumwambia mkewe ni mabomba ya kupasha nyumba joto tu, lala.

“Ulijua,” Rida alisema. “Ukaniacha nilale naye.”

“Watu wa Thornhill wasijue, Rida. Niahidi hutamwambia mtu mwingine.”

Rida alimnyakua mtoto, akaliinamia lile sikio, akasoma adhana mwenyewe, sauti ikimkatika, akarudia, akarudia tena, mpaka Zahira akalegea mikononi mwake, akasema, “Mama, maji,” na Rida akaanza kulia kwa shukrani, akambana kifuani, na hapo ndipo kile kikohozi kikatoka, si ukutani, kooni mwa mtoto.

Vidole vidogo vikamkaba shingo.

“Swearest thou?”

Safari hii hakumhitaji Abigael.

“Naapa,” alinong'ona. “Sitamwambia mtu mwingine.”

Mohsin akashusha pumzi, akidhani ameambiwa yeye.