Tambara la Mwenye Mkwaju

Kikombe ndicho kilichoanza. Bi Mwaisha alikiokota chini ya mkwaju, kando ya kigoda cha mumewe, akakuta ukingoni alama nyekundu ya midomo iliyotafuna tambuu. Na Shaaban hali tambuu. Yeye ni fundi viatu, kutwa mdomo wake umebana misumari.

"Nani kanywea kikombe hiki?"

"Mimi. Nani mwingine?" Shaaban akagonga soli, wala hakuinua uso.

Mimi na wewe tungekiosha, basi, yakaisha. Bi Mwaisha alikificha chini ya kitanda, na kila alipokumbuka alikitoa akakitazama. Wivu, jamani, haushibi.

Lakini tusimcheke. Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, na walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja, tangu Tabora hadi hapa Shinyanga, bila mtoto. Ndugu za mume hawakuchoka kuleta salamu: Shaaban aongeze mke. Bi Mwaisha alikuwa na jibu moja tu. "Siku nitakayoishi na mke mwenza ndani ya nyumba hii, nichimbieni kaburi uani."

Ng'ambo ya uzio wa minyaa alikaa Klara, mshona nguo, peke yake na cherehani yake. Mumewe, Donatus, alikuwa Geita kwenye dhahabu, anarudi mara moja kwa miezi. Mkwaju ulikuwa umekua bila kukatwa miaka na miaka, na tawi lake kubwa lilivuka uzio likaweka kivuli mlangoni kwa Klara. Kutoka jikoni Bi Mwaisha aliona majani tu. Ila alisikia. Saa saba mchana, jua la utosi, watu wote wamejilaza, alimsikia mumewe akicheka chini kwa chini, na sauti laini ya kike ikimjibu. Klara ni mtu wa misheni, tambuu hajui hata inavyokunjwa, lakini moyo wenye wivu hauulizi hayo.

Zilipobaki wiki mbili kufika Idi Kubwa, aliona pindo jekundu la kanga mpya likichungulia kwenye mfuko wa Shaaban. Roho yake ikatulia. Kumbe ananikumbuka! Akangoja apewe. Ikapita siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu akaiona kanga ileile inapepea kwenye kamba ya Klara.

Alikaa chini palepale jikoni. Alilia mpaka ugali ukaungua.

Kesho yake akamwita Makoye, mkata miti wa Ibadakuli, mzee mwenye shoka fupi na kamba ndefu.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Nataka tawi lile lishuke. Kiasi gani?"

Makoye aliuzunguka mti, akaweka kiganja kwenye shina, akakiondoa upesi. "Yangu ni shilingi sita. Ya mwenye mti ni tambara."

"Mwenye mti ni mimi."

"Wewe ni mwenye kiwanja, mayu." Akashusha sauti. "Tawi lile lina mtu. Mwanamke. Huwezi kumvunjia nyumba usimpe pengine. Funga tambara juu ya tawi siku tatu, umwambie ahamie humo. Nikishakata nitalibeba mpaka njia panda, nimwache huko. Ila liwe tambara kweli, kuukuu, lisilo na kipande kingine nyumbani mwa mtu. Huyo akishapewa nguo, anaifuata yote."

"Nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Alisikia alichokitaka, kwamba aliye juu ataifuata nguo.

Mchana ule Klara alipokwenda sokoni, Bi Mwaisha alipenya minyaa, akaivuta ile kanga kambani, akapanda juu ya kinu akaifunga tawini katikati ya majani. Akasema, "Wewe uliye juu, nenda kwa mwenye nguo hii. Ukale naye, ukalale alalapo, chake kiwe chako."

Majani yalitikisika. Upepo haukuwapo.

Jioni Klara alikuja uzioni, macho mekundu. "Dada Mwaisha, hukuona kanga nyekundu? Imepotea kambani. Nitasema nini mimi, na si yangu!"

"Najua si yako," Bi Mwaisha akamjibu, akamfungia mlango.

Siku ya tatu, alfajiri, kabla Makoye hajafika, aliifungua nguo akairudisha kwenye kamba ya Klara. Makoye akapanda. Shoka lilipogusa tawi mara ya kwanza, ua mzima ulijaa harufu ya udi na marashi, na hakuna aliyekuwa amewasha chetezo. Tawi lilipoanguka hawakusikia kishindo. Walisikia bangili, nyingi, kama za bibi harusi anayeshushwa.

Makoye aliteremka uso umemsawijika. "Tambara liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Mayu, ile haikuwa kazi yako." Alipokea shilingi zake akaondoka, na hakugeuka nyuma mpaka barabarani.

Basi Bi Mwaisha akatega sikio kwa jirani. Alingoja kilio, alingoja kelele. Akasikia cherehani tu, na Klara akiimba nyimbo zake za kanisani. Bali kwake mwenyewe, tangu kivuli kilipoondoka na Shaaban akaanza kujilaza ndani mchana, mambo yakawa mengine: maji yalisikika yakimwagwa bafuni wakati bafu halina mtu, mto wake ukanuka marashi asiyoyanunua, kifuniko cha sanduku la ngozi la mumewe kikalia kwii, kikajifunga, kikalia tena, na saa saba ilipofika, yeye yuko jikoni na mwiko mkononi, alikisikia kile kicheko cha chini kwa chini, safari hii hakitoki uani bali kinatoka chumbani, kitandani pake, na ile sauti laini inajibu, na alipokimbia akasukuma mlango alimkuta Shaaban amelala peke yake, anatabasamu, na upande wa pili wa godoro umebonyea.

"Ulikuwa unaongea na nani?" akanong'ona.

"Na wewe," Shaaban akajibu usingizini.

Asubuhi ya Idi, Klara alibisha hodi, amebeba kanga nyekundu iliyokunjwa vizuri.

"Shemeji, nisamehe kwa kuchelewa. Ilipotea siku tatu, kisha nikaikuta kambani inanuka udi. Nimeifua upya. Sasa vyote viwili vimepindwa."

Shaaban akacheka. "Haya, siri imetoka! Mke wangu, hii ni doti yako ya Idi. Klara alikuwa ananipindia tu. Kipande cha kwanza kiko kwenye sanduku langu la ngozi wiki zote hizi, nikiomba usikifukunyue."

Bi Mwaisha aliitazama kanga mikononi mwa Klara. Kanga huuzwa mbili mbili. Mtoto mdogo analijua hilo, na yeye wivu ulimsahaulisha. Mwenye nguo alikuwa yeye.

Shaaban alikwishaingia chumbani. Akarudi mikono mitupu, anacheka. "Lo, kumbe umeshakigundua! Nimekuona unajitazama kiooni, kimekupen..."

Akainua uso. Mkewe alikuwa amesimama uani mbele yake, kando ya Klara, hajatoka hapo.

Ndani, bangili zikalia.

Bi Mwaisha alikwenda Ibadakuli kwa miguu, na nguo zake za Idi. Makoye alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulimwambia maneno gani hasa?" Akayarudia. Mzee akatikisa kichwa. "Jini aliyevamia nyumba naweza kumtoa, mayu. Huyu hakuvamia. Umekwenda kumposa wewe mwenyewe, ukampa na nguo."

Alirudi saa saba, jua la utosi, vumbi mpaka magotini. Ua ulikuwa kimya. Kibarazani palikuwa na sahani tatu za pilau, mbili zimeliwa, ya tatu imefunikwa kwa heshima. Kando yake kikombe kile alichokificha chini ya kitanda, kimejaa kahawa ya moto, na alama ukingoni ilikuwa mbichi. Alisimama mlangoni pa chumba chake, mkono umegoma kusukuma. Shaaban alikuwa anacheka humo ndani, kicheko ambacho hakupata kumchekea yeye kwa miaka kumi na mmoja.

Kisha kikakatika, na ile sauti laini ikasema, kwa adabu zote:

"Karibu, bi mkubwa. Tulikuwa tunakungoja wewe."