Mume Aliyeandikwa Ukutani

Kasyoka alifika Makindu jua likiwa limeegemea vilima vya Chyulu, na haja iliyomleta ilikuwa ndogo tu. Achote udongo, amwite mumewe, kisha arudi kijijini kwake Kabati. Udongo angeufunga kwenye pindo la leso. Mume hakuhitaji kubebwa, maana alikufa vitani huko Burma Kasyoka akiwa bado anachezea vumbi na watoto wenzake.

Msishangae. Kwetu Ukambani kijana akifa bila mke, mama yake anaweza kumwolea mke hata hivyo. Mahari inatolewa, watu wanakunywa, bibi arusi anaingia nyumba ya mtu ambaye hayupo. Watoto anaowazaa wanaitwa wa marehemu. Anayewaleta ni ndugu wa marehemu, na hilo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Hivyo ndivyo Kasyoka alivyoolewa na mama mmoja aliyeitwa Mutindi, kwa ajili ya mwanawe Nzuki. Ndugu aliyebaki alikuwa Kilonzo. Akazaliwa Jonah, na baada ya Jonah hakuzaliwa mwingine.

Mutindi alimpenda Kasyoka, au ndivyo Kasyoka alivyodhani. Alimpa kazi moja ya kila siku: magharibi aweke kiti cha miguu mitatu ndani ya mlango, uji kando yake, aseme, "Nzuki, karibu nyumbani." Na sharti moja. Mtu akisikia jina lake jioni na hamwoni anayemwita, asiitike.

Kiti kiliwekwa miaka na miaka. Kuna asubuhi uji ulikuwa umepungua. Kasyoka alisema ni panya.

Halafu Mutindi akafa, na Kilonzo akaokoka. Alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda hadi watu wakalia, akarudi nyumbani, akakipasua kile kiti kwa shoka na kukichemshia chai. "Shemeji, tumetoka gizani," alimwambia Kasyoka, na akanywa ile chai.

Kabla ya wiki kuisha, Jonah alikuwa kitandani.

Huo ulikuwa mwaka wa kiangazi kile kibaya cha sabini na tano, ng'ombe wanaanguka njiani wakienda kutafuta maji. Lakini nyumba ya Kasyoka ilinuka mvua... Mvua, na blanketi zito lililolowa, na mafuta kama yale ya cherehani. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa akibeba magunia sokoni akicheka, alikonda mpaka mbavu zikahesabika chini ya shuka. Kila jioni alinyoosha kidole mlangoni.

"Mama, kuna mtu. Amelowa. Anauliza kiti chake kiko wapi."

Maombi yalifanywa. Zahanati ilitoa vidonge. Mwishowe Kasyoka akajifunika leso na kwenda kwa mganga Kavata kupitia njia ya mtoni, ili mchungaji asimwone. Kavata hakuuliza mengi. Alisema mumewe hajawahi kuletwa nyumbani, yuko nje anazunguka. Aende pale jina lake lilipoandikwa, amwite, achote udongo, amkalishe. La sivyo atakaa juu ya kifua cha Jonah mpaka Jonah aishe.

Kilonzo aliposikia habari ya safari, alikuja juu. Kwanza alisema Makindu hakuna kitu, ni jiwe tu. Baadaye akasema hiyo ni kazi ya Shetani, atamshtaki kwa wazee wa kanisa. Mwisho akamshika mikono akamwomba, karibu alie, asiende. Kasyoka alipanda lori la mbuzi alfajiri, akijiuliza njia nzima mtu aliyeokoka anaogopa nini kwenye jiwe.

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya reli. Bohari la zamani la jeshi, mabati matupu, ndani wameweka kofia za chuma, buti zilizokakamaa, tarumbeta moja na bunduki zilizofungwa kwa mnyororo. Nje, ukuta wa mawe wenye majina. Mlinzi alikuwa mzee mmoja wa Nyeri, Waithaka, aliyekuwa tayari ameshika kufuli mkononi na chakula chake cha jioni akilini. Alimhurumia mama aliyetoka mbali. Akamshika kidole cha shahada, akakipitisha juu ya herufi, maana Kasyoka hakusoma.

"Hapa, mama. Nzuki Mwangangi."

Siku nzima jua lilikuwa limeupiga ukuta ule. Ulikuwa bado wa moto. Ila pale chini ya kidole chake, jiwe lilikuwa baridi, na kidole kilirudi kikiwa na maji.

Angeuchota udongo wake wakati huo huo na kwenda zake, mambo yangekuwa mengine. Lakini Waithaka alitaka kumfurahisha. Alisema kuna picha pia ndani, wachache sana wana picha, aje amwone bwanake. Kasyoka aliingia akitengeneza leso kichwani. Ndiyo, alitengeneza leso. Ni mume wake, na hakuwahi kumwona.

Kijana mwenye bunduki, kofia imekunjwa upande mmoja, amejikaza asicheke. Na upande ule wa kofia iliyokunjwa...

Sikio lilikuwa nusu.

Sasa ngojeni niwaambie kuhusu hilo sikio. Mutindi alikuwa na kisa alichowatishia watoto wasizurure jioni. Zamani, akiwa bado anaishi upande wa Kibwezi, alimlea yatima mmoja, Kiilu, mchunga mbuzi. Usiku mmoja Kiilu alilala nje, fisi akamla sikio la kushoto nusu. Alipona. Lakini fisi hasahau alichokionja, akarudi siku nyingine akammaliza. Kasyoka mwenyewe alimsimulia Jonah kisa hicho akiwa mdogo, na Jonah alishika masikio yake yote mawili.

"Huyu si Nzuki," Kasyoka alinong'ona.

Waithaka aliinua mabega. "Mama, hawa waliandikwa majina waliyokuja nayo. Chifu alitaka kijana mmoja kila boma. Kuna waliotoa wa kwao. Kuna waliotoa wa watu." Akasema anaenda kufunga lango la nyuma, mama amalize haraka, giza linaingia.

Kasyoka alibaki peke yake na picha ile. Hakuwa mjinga. Kama Kiilu ndiye aliyekufa na jina la Nzuki, basi Nzuki alikwenda wapi? Alikumbuka Mutindi alihamia Kabati wakati wa vita, mahali ambapo hakuna aliyewajua. Alikuja na mtoto mmoja wa kiume. Kilonzo. Na Kasyoka alikuwa ameambiwa tangu siku ya kwanza, ukitaka kujua sura ya mumeo, mtazame shemeji yako.



Nzuki alikuwa hai. Nzuki alikuwa akiingia kwake usiku na kutoka kabla ya jogoo, akiitwa Kilonzo. Na yeye Kasyoka hakuletwa kwa ajili ya mtoto aliyependwa. Aliletwa kwa sababu yatima alianza kuja mlangoni kudai chake, na Mutindi akamtafutia kitu cha kumnyamazisha. Kiti, uji, na msichana wa watu. Mama na mwana walijua. Walikula naye, walicheka naye, walimwita mke wetu. 

Hakumwita Nzuki kama alivyoagizwa.

"Kiilu," alisema.

 Garimoshi lilipiga honi mbali, upande wa Kibwezi. Kisha ile harufu... Mvua. Blanketi lililolowa. Mafuta. Tone moja likaanguka sakafuni nyuma yake. La pili. Hakugeuka.

"Aliniambia ni miezi michache tu," sauti ilisema, kwa Kikamba cha mtoto wa malishoni. "Aliniambia nikirudi nitapewa mke."

"Nani alikuambia?"

"Mama."

Alimwita Mutindi mama. Hilo lilimkata Kasyoka maini kuliko yote.

"Mke ni mimi," alisema. "Nimekuwekea kiti mpaka nikazeeka. Mwachie mtoto wangu."

"Si mimi ninayemlalia. Ni hili jina. Ni zito, na si langu." Tone lingine. "Nipeleke kwa mwenyewe nimrudishie."

Mlango ulilia. Waithaka alisimama na taa yake, akauliza kama paa linavuja.  Kasyoka alitoka nje, akapiga magoti chini ya ukuta, akachota udongo na kuufunga fundo.

Msafiri asiye na ndugu Makindu hulala kwa Makalasinga, kwenye hekalu lao, na hupewa chakula bila kuulizwa dini. Kasyoka alivua viatu vyake mlangoni, akahakikisha kichwa kimefunikwa, akaingia. Mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akigawa chapati alimtazama, kisha akatazama nyuma yake. Alizungumza polepole, kwa heshima.

"Mama, mwambie askari wako avue buti. Hapa hakuna anayeingia na viatu."

Kasyoka hakula. Alikaa ukutani akipiga hesabu yake upya. Alikuwa amemwogopa mtu huyu aliyelowa kuliko kitu chochote, na sasa alimwona kama ndugu. Walidanganywa na mwanamke mmoja, wote wawili. Hata hivyo Kilonzo alikuwa baba wa mwanawe. Akaamua hivi: atamfanya akiri, atamke jina lake kwa mdomo wake, amwombe Kiilu msamaha. Pengine ingetosha.

Kesho yake lori lilimshusha Kabati jua likitua. Kilonzo alikuwa nje ya nyumba anasuka kamba ya ngozi. Aliona fundo kwenye leso, mikono ikaacha kazi.

"Jonah?" Kasyoka aliuliza.

"Tangu mchana hasemi."

"Nimemleta Kiilu."

Kilonzo alicheka kidogo, kicheko kibaya. Alisema Kiilu aliliwa na fisi, kila mtu anajua. Kasyoka akamwambia ameliona sikio. Akamwambia aseme tu. Aingie ndani, aseme mimi ndiye Nzuki, jina hili ni langu, nipe. Mtoto wake anakufa pale kitandani kwa mzigo usio wake.

"Nilikuwa mdogo," Kilonzo alinong'ona. "Ni mama alipanga. Ingekuwa ni mimi kwenye lile jiwe, Kasyoka."

"Na mimi? Nilipokuja hapa ulikuwa mdogo?"

 Alitazama barabarani kana kwamba ameona pa kupitia. Akasema yeye ameokoka, amesamehewa yote, hana la kukiri kwa maiti. Alipotaka kuinuka, ndani ya nyumba mtu aliita.

"Nzuki."

Ilitoka kinywani mwa Jonah, lakini haikuwa sauti ya Jonah. Kilonzo aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Upepo wa jioni ulileta harufu ya mvua mpaka uani.

"Nzuki."

Alitikisa kichwa, macho yamemtoka. Alikuwa anaijua sheria ya nyumba ile kuliko mtu yeyote. Asipoitika, hakuna kitakachompata. Jonah je? Ndani kitanda kiligonga ukuta, kikagonga tena, kama mtu anayekata roho anavyorusha miguu.

Mara ya tatu sauti ilibadilika. Ikawa ya mwanamke, yenye ule wimbo wa akina mama wa Kibwezi wanapoita watoto kutoka malishoni.

"Nzuki, wee Nzuki... chakula kinapoa."

Ilikuwa ya Mutindi. Tangu vita, hata akiwa anakata roho, hakuwahi kumwita hivyo. Uso wa Kilonzo ulilegea ukawa wa mtoto. Mikono ikaanguka kutoka mdomoni.

Kasyoka alimwona anataka kujibu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, usiitike. Neno lilikuwa ulimini.

Alilimeza.

"Niko hapa, mwaitu... mama," Kilonzo alisema huku akilia, na akaingia ndani.

Hapakuwa na ukelele. Muda kidogo Jonah alitoka kwa miguu yake, akishikilia ukuta, akaomba maji. Alikunywa kibuyu kizima. Alimuuliza mama yake kwa nini baba mdogo amekaa sakafuni. Wakamkuta pale kiti kilipokuwa kikiwekwa, amechuchumaa, amekufa, nguo zimeroa chapachapa, na maji yakitiririka kwenye vumbi ambalo halikuwa limeona mvua mwaka mzima.

Mchungaji alisema ni moyo. Walimzika wakaandika Kilonzo msalabani, na Kasyoka hakuwasahihisha.

Jonah alipona, akaoa. Mtoto wa kwanza alipokuja, wa kiume, desturi ilitaka aitwe jina la babu yake. Wazee wakasema Nzuki. Kasyoka akasema aitwe Kiilu, na alisema kwa namna ambayo hakuna aliyebishana. Ndipo mkunga alipomfunua mtoto kichwa na kukifunika tena haraka. Sikio la kushoto lilikuwa nusu. Kasyoka alimpokea, akamnusa utosini, akamfunga mgongoni. Ana hofu naye na anampenda, yote mawili kwa pamoja.

Ila jioni, anapomlisha uji, kuna mtu husimama nje ya mlango. Huyu hajalowa. Haombi jina wala uji. Ananong'ona tu, "Kasyoka... shemeji... kiti."

Kasyoka humpangusa mtoto mdomo, na haitiki.