Mkasi Uliokataa Nikeli

Kila asubuhi nachemsha maji ya vikombe viwili. Mazoea yana tabu. Kimoja nakunywa, cha pili namwaga. Kisha nakwenda karakana, tunakopaka vitasa vya milango nikeli, metali nyeupe ya kuzuia kutu, kwa umeme.

Wakubwa wa pale hawajatufundisha kitu. "Tumbukiza, toa, nyamaza." Mke wangu alipofariki walinipa ruhusa ya kuzika, halafu wakaniuliza mbona nimekawia.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, mtu wa mkono wa kushoto. Mara ya mwisho kushona alitia cherehani mafuta, akaushika mkasi kwa vidole vile vile. Alama ya kidole gumba ikabaki kwenye mpini. Niliuviringishia kitambaa, nikaufungia kabatini. Sikutaka mtu auguse.

Siku moja binti yetu akapiga simu.

"Baba, nimepata kazi ya ushonaji. Jumamosi nakuja kuchukua mkasi wa mama."

Nikakifungua kitambaa. Kutu ilikuwa imeula kote, isipokuwa pale penye alama.

Nikaenda nao kazini. Nikasugua kutu, nikiizunguka alama ile kama mtu anayefagia kando ya mtoto aliyelala. Nikautumbukiza kwenye pipa la nikeli, nikawasha umeme. Ulitoka unang'aa, ila penye alama palikuwa na doa tupu. Kando ya doa nikeli ilibanduka kama maganda ya kitunguu.

"Wametuletea dawa mbovu tena!" nikafoka. "Wao wanakula fedha, sisi tunakula moshi!"

Mama anayepima maji ya mapipa akanisogelea. Ni jirani yangu. Yeye na marehemu waliitana dada.

"Shemeji, wakubwa wana makosa mengi. Hili usiwabambikie. Uliuosha kwa sabuni?"

Nikatikisa kichwa.

"Sikiliza. Nikeli imeyeyuka humo majini, huioni. Umeme ukipita, inarudi kuwa metali juu ya mkasi. Lakini haitandikwi kama shuka. Inaanza kwa vipunje vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Kila kipunje kinashika mahali pake, kinanenepa, mpaka kinagusana na jirani. Vikishaungana, ndipo unaona ngozi moja."

"Kama mbegu."

"Kama mbegu. Na penye mafuta mbegu haishiki."

"Mafuta hayo ni yake," nikasema.

Akauinamia mkasi, akaitazama alama.

"Mimi pia nilimpenda, shemeji. Lakini ukiuacha hivi, kutu itapenya chini ya nikeli. Itakula mkasi, na alama itakwenda nayo."

Tukaiondoa nikeli yote. Nikausugua mkasi kwa maji moto na sabuni.

"Sasa umwagie maji safi," akasema. "Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo. Yakitandaa, ni safi."

Matone yalibaki pale pale penye alama. Nikasugua tena. Maji yakatandaa. Macho yakaniwasha, nikasingizia moshi.

"Moshi huo ni mkali," akasema, akanipa glavu. "Usiushike tena kwa mkono mtupu. Na umeme usizidishe, hata kama una haraka kama mwizi. Ukizidisha, vipunje vinarundikana kingoni, vinakuwa vyeusi, vinapukutika. Viache vikue polepole, kote sawa."

Safari hii nikeli ilishika. Nilikwaruza kwa ukucha, haikubanduka. Miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyetueleza jambo hili. Basi nakueleza wewe: kwanza osha, kisha tazama maji, halafu umeme wa kiasi.

Jumamosi binti akaja. Akaingiza kidole gumba cha kushoto kwenye mpini.

"Baba, hapa pamelika."

"Mama yako huyo. Miaka ya kukata."

"Kidole changu kinaenea."

Nikapapasa. Kweli. Nikeli ni nyembamba, haikukifukia kile kibonde. Ilifuata umbo lake.

Akaondoka na mkasi. Kabati likabaki wazi, na nyumba ikawa kimya kuliko jana.

Baada ya siku kadhaa akapiga simu akiwa kazini. Nyuma ya sauti yake nikasikia mkasi ukipita kwenye kitambaa.

"Baba, mbona husemi?"

Nikamwambia aiweke simu mezani, aendelee kukata.