Mtani Kwenye Mdomo wa Kiozeshi

Kiozeshi kilimeza maganda ya ndizi, kikacheua kama mtoto aliyeshiba, na kabla maji ya chai hayajachemka kikatema udongo mweusi unaonukia mvua. Kila nyumba ya Mzizima Mpya ilikuwa na mashine hiyo. Ndani yake waliishi vijidudu waliofunzwa kazi, na kazi waliijua kuliko wakwe wengi. Udongo ulikwenda vibarazani, kwenye mchicha na kunde, bila dawa wala mbolea ya dukani. Sheria ilikuwa moja: chochote kinachooza kisitoke nje ya nyumba.

Sheria nzuri, mpaka alasiri ile Mzee Kibwana alipofariki.

Mkewe, Bi Hadia, hajamaliza kumfumba macho, kiozeshi kikanusa. Kikajikokota kwa magurudumu yake hadi kando ya kitanda, kikafungua mdomo, kikatoa sinia refu.

"Pole kwa msiba," kilisema kwa sauti ya karani mpole. "Marehemu ataotesha kunde msimu mzima."

"Kunde za mume wangu nizile na nini, na tui?" Bi Hadia alifoka. Akakichomoa waya. Wapi! Kiliishi kwa joto la uozo wake chenyewe. Akakisukuma, kikarudi.

Mwanawe Shomari alikuwa njiani kutoka Kisarawe, ambako watu bado walizikwa ardhini, lakini mafuriko yalikuwa yamefunga barabara. Kwenye simu alisema tu, "Mshikilie baba, mama. Nakuja."

Ndipo akaingia jirani, Mzee Maganga, Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo tangu enzi za mababu. Alikuja kwa kazi ya mtani msibani, kuwachekesha wafiwa. Alipoliona sinia akavua viatu, akajilaza chali juu yake.

"Kaburi langu hili! Mzaramo gani huyu, hata kufa ananiwahi? Siondoki mpaka nilipwe jogoo!"

Kiozeshi kikasita. Kugusa mtu aliye hai kilikatazwa. "Tafadhali ondoka kwenye sinia."

Kwa desturi mfiwa hutoa chochote, mtani akainuka, watu wakacheka, maziko yakaendelea. Mkono wa Bi Hadia ulikwisha kwenda kwenye pindo la kanga. Ukaishia hapo.

"Sikulipi."

"Hata yai?"

"Hata ganda lake. Ukiinuka tu, Maganga, kinamchukua kabla Shomari hajafika."

Utani ukamtoka Maganga usoni. Chini ya sinia vijidudu walitokota kama uji.

"Nitasubiri," kilisema kiozeshi.

"Hadia, mgongo wenyewe wa kizee. Unaungua."

"Najua, mtani wangu." Akapiga magoti, akashika upepeo, akaanza kumpepea aliye hai, na mumewe akiwa amelala kitandani nyuma yake. "Nidai tena. Nidai kwa sauti."

"Jogoo!" Maganga alilia, machozi yakimtiririka masikioni. "Nataka jogoo wangu!"