Mume Wangu Alirudi Kuichukua Picha ya Bibi wa Kizungu

Nina miaka hamsini na minne, nauza unga wa muhogo hapa Kindu. Ni mjane... lakini kaburi la mume wangu sijaliona. Wasomaji wenzangu, mtaniamini nikisema mwanamke aliyeninyang'anya mume alikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita?

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Jirani yetu, mzungu wa Uskoti aliyenunua madini, alipoona vita vinakaribia alimletea picha ya bibi wa mabibi zake, iliyochorwa kwa rangi za mafuta, akamwomba amtunzie hadi atakaporudi.

Alikuwa bibi wa ukoo wa heshima: gauni la hariri ya buluu, nywele zimepakwa poda nyeupe, midomo imefumbwa... na macho! Popote uliposimama alikutazama. Mama mkwe alisema mwanamke yule anangoja mtu.

Sisi ni Waislamu. Sura ya mtu hatuitundiki tunaposali, na nyumba yetu ilikuwa chumba na sebule tu. Basi mume wangu akaitoa picha kwenye fremu, akaiviringisha ndani ya mkeka, akausimamisha pembeni pamoja na mikeka ya kusalia. Nilimtania kwamba amemviringisha bibi wa watu kama maiti. Laiti ningejua...

Asubuhi risasi ziliposikika, tulikimbia. Mimi nilimbeba mtoto wetu Zaina mgongoni, yeye akanyakua mkeka. Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukashika njia ya Punia, tukajificha msituni. Adhuhuri akaukunjua asali... Mkeka mtupu! Alikosea mkeka; ule wenye picha ulibaki nyumbani.

Kabla hajasimama, moyo wangu ulijua kwamba atairudia.

"Baba Zaina, ile ni picha tu," nilimwambia. "Siye njo watu, ile hapana mutu."

"Iko amana ya mutu," alijibu. "Nikiiacha, nitamujibu Mungu nini?"

Nilimshika nguo, nililia... akaenda. Wavuvi waliniambia watu wenye bunduki walimkamata kivukoni, hata mto hakuuvuka. Walimpeleka wapi? Mpaka leo sijui.

Na picha je? Niliporudi niliikuta pembeni ndani ya mkeka wake, haijaguswa! Waliiba hadi sufuria, mikeka wakaiacha. Nilimchukia yule bibi, lakini ningemtupaje? Mume wangu alimfia.

Mwaka huu akaja mjukuu wa yule Mskoti, na mwalimu mmoja wa hapa akimtafsiria. Niliikunjua picha mbele yake. Kijana aliitazama, akaipiga picha kwa simu, akasema maneno machache. Mwalimu akainamisha macho.

"Mama, anasema kwabo wiko na picha zingine za huyu bibi. Hii anakuachia, ikae ukumbusho."

Ukumbusho! Ukumbusho wa nini, jamani? Sikumtukana, hakujua lolote. Nilimpa chai, akanywa, akaaga.

Ndugu zangu, amana ni jambo zito, tumefundishwa tangu utotoni. Lakini roho ya mtu nayo ni amana, na mwenyewe ni Mungu. Mtu akikuletea kitu chake ukitunze, muulize waziwazi: hatari ikija, nikiache? Sisi tuliona haya kuuliza. Nawasihi, msione haya! Yule Mskoti angejibu kwa neno moja tu, na Zaina wangu angekua akiwa na baba.